Dira Chini ya Waya

Nilikuwa fundi cherehani kwenye duka la Mwarabu mmoja mtaani Mchafukoge, na tuliswali chumba cha nyuma. Siku moja nilinunua dira Kariakoo, ujuaji ukanipanda kichwani. Kwetu kibla ni kaskazini. Basi nikaiweka dira rafuni, chini ya waya mnene uliopeleka umeme wa betri za sola kwenye taa na feni za duka zima, nikamwambia fundi mwenzetu mzee, mbele ya watu, kwamba miaka yote anaswali akielekea kusiko. Hakubisha. Aliugeuza msala wake.

Miezi ikapita. Adhuhuri moja, nikiwa peke yangu, umeme ulikatika. Sindano ya dira ikayumba, ikatulia kule kule alikokuwa akielekea mzee zamani. Umeme uliporudi, ikapinda tena. Kumbe waya ndio uliokuwa ukiivuta.

Nikaitia dira mfukoni, nikarudi kwenye cherehani. Ramadhani ilipokaribia mzee aliniuliza, “Mwanangu, bado ni huku?”

“Ni huku huku, mzee.”

Mwaka huohuo alifariki. Makaburini, ambako hakuna waya hata mmoja, wenzangu waliniomba dira wahakikishe kibla kabla ya kumlaza. Nikasema nimeisahau nyumbani. Ilikuwa mfukoni.