Bega Linasubiri Gunzi

Mimi shule niliiona kwa mbali tu, nikipeleka ng'ombe malishoni. Haya nayasema kwa mdomo, binti yangu ndo anaandika.

Kule Kalenga, msimu wa kupukuchua mahindi, kazi yangu ilikuwa uongo. Mke wangu anapukuchua, mimi napiga stori. Nikisema nimevua samaki mkubwa kama mlango wa kanisa, ananiangalia tu. Nikisema huyo samaki kanisalimia "Kamwene", hapo gunzi linaruka, paa, bega la kushoto! "Mzee wewe, punguza!" Ndo kwanza naongeza. Stori isiyopigwa gunzi nilikuwa naiona mbichi.

Alipofariki, mdomo ukafunga. Msibani watani walinichokoza mpaka wakachoka wenyewe. "Huyu leo kameza kufuli!" Binti akanileta kwake Mbeya. Miezi na miezi nakaa barazani na baridi ile, naitikia "ndio", naitikia "hapana", basi.

Siku moja akaniambia, "Baba, mama nimeshamzika. Wewe usinifie huku unapumua."

Jumamosi huwa anafundisha watu wazima kutunga hadithi, ukumbi wa kanisa. Anawapa kitu kimoja, kila mtu anaanzia hapo. Jumamosi hiyo akanivuta na mimi. Nafika, meza imejaa magunzi.

"Kila mtu achukue moja," akasema. "Atuambie linamkumbusha nini."

Wengine wakaandika. Mama mmoja muuza viazi, jirani yangu kwenye benchi, akasimulia jiko la bibi yake. Ikafika zamu yangu. Nikasimama na gunzi langu.

"Mke wangu alikuwa na shabaha," nikasema. "Nikizidisha uongo, ananirushia gunzi, 'Mzee wewe, punguza!' Likitoka Kalenga linapita Mafinga, linapumzika Makambako, linanywa chai, linakuja kukupiga hapa hapa Mbeya."

Wakacheka. Uongo mkubwa nimeshatoa, na bega limekaa linasubiri.

Binti kageukia ukutani. "Endelea, baba."

"Siwezi, mwanangu. Hapa ndo alikuwa anarusha."

Wale waliokuwa wanaandika wakaacha. Nikataka kukaa.

Yule mama muuza viazi hakuniambia pole. Alichukua gunzi lake, akarusha. Likanipata sikioni.

"Mzee wewe, punguza!"

Nililia mbele za watu, machozi ya kumwagilia mpunga wote wa Mbarali. Hakuna aliyenizuia. Halafu nikainama, nikaliokota.

"Mama, shabaha huna," nikamwambia. "Mwenzio alikuwa anapiga bega."

Nikafuta uso. Nikaendelea na stori, nikalirudisha lile gunzi barabarani, Makambako, Mafinga, taratibu, mpaka Kalenga, mpaka kwenye kigoda cha mke wangu pale uani.