Sentensi Yangu kwenye Ubao wa Ngumbaru

Mimi shule niliacha darasa la pili, wakati mama yangu alijifungua na hakukuwa na mtu mwingine wa kubeba mtoto. Kwa hivyo wajukuu wangu wakinisikia nikisema maneno mawili matatu ya Kiingereza wanacheka, wanauliza nimetoa wapi. Nilitoa Kiplombe, karibu na Eldoret, kwa darasa la ngumbaru, la watu wazima. Huwa nawajibu hivyo tu na kuwatuma kuni. Leo wacha niseme yote.

Tulikuwa wamama kumi na wanne. Wengine tulitoka magharibi tukifuata waume waliopata kazi Eldoret, wengine walitoka Central, wana maduka na mashamba madogo. Tulisoma Jumanne na Alhamisi mchana, ndani ya kanisa la mabati, watu wakija moja kwa moja kutoka shambani na matope kwa miguu. Mwalimu wetu alikuwa msichana tu, miaka thelathini hajafika, na mtoto mgongoni. Bwana yake alikuwa amemwacha. Kazi ya ngumbaru ndiyo ilimlisha yeye na huyo mtoto. Hakuwa na nyingine, na sisi sote tulijua.

Vitabu hatukuwa navyo. Alifundisha na vitu. Siku ya kulinganisha alikuja na viazi vitatu kwa mfuko, akavipanga juu ya meza ya sadaka. Big, bigger, biggest. Halafu akatuambia tuvue viatu tusimame kando ya ukuta, kila mtu aseme kama amempita mwenzake kwa urefu. Tall, taller, tallest. Mimi ndiye nilipita wote.

"Simama vizuri, wewe," jirani yangu akaniambia. "Wacha kuinama kama mtu anaiba kuku."

"Siinami. Ni wewe ulizaliwa karibu na chini."

Wamama walicheka mpaka mtoto wa mwalimu akaamka. Tulipofika kwa good, mimi nikakataa.

"Mwalimu, sasa hivi umesema tunaongeza mkia tu. Mbona hii ni better, tena best? Gooder imeenda wapi?"

"Mama, kila nyumba iko na mtoto mtundu. Huyu ni wa Kiingereza. Mzoee tu."

Mwisho wa somo alikuwa na desturi yake. Kila mmoja alisimama na kutoa sentensi ya maisha yake mwenyewe, sio ya viazi, na yeye akaiandika ubaoni vile umesema. Ubao haukufutwa mpaka somo linalofuata, kwa sababu kuna waliokosa wakiwa kwa palizi, wakaja kunakili siku waliyopata nafasi. Hata Jumapili mhubiri alihubiri na sentensi zetu nyuma yake. Tulikuwa tunajivuna sana. Unakaa pale na bwana yako, unaona maneno yako yako juu.

Wiki hiyo tulikuwa tumetoka kumchagua diwani kwa mlolongo. Karatasi hakuna. Unasimama nyuma ya picha ya mtu wako kwa uwanja wa shule, na kila mtu anakuona. Mstari wa mkulima mmoja wa hapo kwetu ulianza karibu na geti ukapinda hadi kwa vyoo. Mstari wa diwani wa zamani ungetosha kwa kivuli cha mti mmoja. Jioni tukaambiwa diwani wa zamani ameshinda. Watu wakaenda nyumbani.

Zamu yangu ilipofika nikatafuta kichwani kitu kirefu na kitu kifupi, na hiyo ndiyo ilikuja. Nikasema: The line of the farmer was longer than the line of the councillor. The councillor won. Yaani mstari wa mkulima ulikuwa mrefu kuliko wa diwani, na diwani akashinda. Sikuwa nafanya siasa. Nilikuwa nafanya somo, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoa Kiingereza chote hicho bila kusaidiwa.

Mwalimu alishika chaki bila kuandika. Mimi nilikuwa bado nimesimama, nangoja.

"Ni sawa, mwalimu?"

"Ni sawa, mama. Hakuna kosa."

Akaandika yote. Kila mtu alikuwa ameandikiwa yake. Nafikiri hakutaka kuninyima yangu.

Jumapili naibu wa chifu alikaa benchi ya mbele kama kawaida, na mahubiri yote macho yake yalikuwa kwa ubao. Jumanne akaja darasani na vijana wawili wa chama. Hakusalimia.

"Nani amesema haya maneno?"

Mume wangu alikuwa mlinzi wa stoo ya mahindi, na kazi hiyo aliipata kwa barua ya huyo naibu. Kiwanja tulichojengea tulionyeshwa na yeye, kwa mdomo tu. Mimi nimechapa watoto wangu kwa sababu ya uongo. Nimewachapa hata kwa kunyamaza wakijua nani amelamba sukari. Siku hiyo niliinamia daftari yangu nikaiangalia kama mtu anayesoma.

"Mmekuwa bubu? Kumbe mnaongeanga Kiingereza tu?"

"Ni mfano wangu, mzee," mwalimu akasema. "Nilikuwa nafundisha kulinganisha."

"Mfano! Kwani viazi vimeisha sokoni?"

Kijana mmoja akacheka. Mwalimu hakugeuka upande wetu hata kidogo. Alijua akigeuka macho yake yatakuja kwangu. Akaambiwa afute ubao wote, akafuta kwa leso ya mtoto, kuanzia juu, sentensi za wenzangu zikaenda pamoja na yangu. Mimi nikabaki nimekaa.

Siku chache baadaye barua ikaja kwamba kazi yake imekwisha. Mwisho wa mwezi alihama chumba chake, na wamama tukaenda kumsaidia kubeba vitu hadi stendi. Mimi nilibeba sufuria. Njia yote nilikuwa na neno mdomoni. Tulipofika nikamuuliza kama mtoto amekula.

Mwalimu mwingine hakuletwa.

Mwaka uliofuata, wakati wa mavuno, nilienda soko la Soy nikamkuta ameketi na nyanya juu ya gunia. Mtoto alikuwa anatembea sasa. Mikono ya mwalimu ilikuwa imepasuka pasuka. Aliniambia anapalilia mashamba ya watu, na siku ya soko anauza.

"Mama! Bado unasoma?"

"Nasoma."

Ulikuwa uongo. Daftari ilikuwa imemalizikia kwa jiko, nikiwashia moto.

"Usiache. Ulikuwa unashika haraka."

"Mwalimu," nikasema, "ile siku ya naibu..."

"Nikuwekee za kiasi gani, mama?"

Hakunikata kwa ubaya. Kulikuwa na watu wamesimama pale wakichagua nyanya, na wakati ule ulikuwa hujui nani anapeleka maneno kwa wakubwa. Ningeweza kungoja waondoke. Nilikuwa na siku nzima. Nikashika nyanya zangu, alikuwa amezifunga kwa gazeti na kuniongezea mbili.

"Nisalimie wale wamama wengine," akasema.

Sikuwasalimia. Nilijua wataniuliza tuliongea nini.