Nengah Airudia Meli Yake

Ukimwona Nengah Sukerti akishuka ufukweni Tulamben na mitungi miwili ya hewa kichwani juu ya ngata, mikono ikining'inia na mdomo ukimwaga umbea, utadhani amebeba kapu la maua. Wazamiaji wanatoka kila pembe ya dunia kuja kuitazama meli ya Liberty iliyozama hapo, lakini ukimpa mmoja wao mtungi auvushe juu ya mawe ya mviringo ya ufukweni, atayumba kama mlevi. Ndiyo maana wanabebewa na akina mama wa kijiji, kwa zamu, na ole wake anayeruka zamu ya mwenziwe.

Nengah aliijua meli hiyo kabla haijazama. Enzi za vita ilipigwa kombora na nyambizi ya Wajapani, ikaburutwa huku inavuja, ikapandishwa hapo ufukweni na kuachwa miaka ishirini na ushee. Watu wazima walibandua kila kilichobanduka. Watoto wakaigeuza uwanja wa kukimbizana. Kisha mlima Agung ukalipuka, ardhi ikatetemeka, meli ikasukumwa baharini. Wanakijiji waliokimbia majivu walirudi wakakuta ufukwe mtupu. Nengah, kibinti wakati huo, aliililia meli kuliko alivyoililia nyumba yao, na haoni haya kulisema.

Sasa magoti yameanza kugoma. Kilichomkosesha raha ni kwamba angestaafu bila kuiona tena, nayo iko pale pale, hatua chache tu kutoka anapowatulia wageni mitungi yao. Akamwendea mwanawe Kadek, anayewaongoza wazamiaji.

"Mama, hujui kuogelea."

"Nani kakwambia nataka kuogelea? Nataka kuzama. Hilo hata jiwe linaweza."

Kadek alikataa, akanuniwa, akanyimwa pilipili ya kulia wali, mwishowe akasalimu amri. Akamfundisha kwenye bwawa la kuogelea hadi akazoea kupumua kwa mdomo.

Siku ilipofika, Nengah aliweka sadaka yake ya maua juu ya mawe, akasali, kisha kwa mazoea akainama na kujitwisha mtungi.

"We Nengah! Tua hapo!" Rening alifoka. Huyu ni mbebaji mwenzake, na ulimi wake haujawahi kulala. "Leo zamu yangu. Wewe ni mgeni, tembea mikono mitupu kama wageni wenzio."

Nengah akatembea mikono mitupu, kichwa chepesi mpaka akajikwaa. Majini Kadek alipomfunga mtungi mgongoni, mama wa watu, aliyebeba kila kitu kichwani tangu utoto, akaanguka chali, pwaa!

"Mtwisheni kichwani ndiyo anyooke!" Rening akapiga kelele, na ufukwe mzima ukavunjika mbavu.

Huko chini alikuta meli imelala ubavu. Sitaha alikokuwa akikimbia imesimama wima kama ukuta, imevikwa matumbawe ya rangi asizowahi kuziona hata kwenye sherehe za hekalu. Akaibandika kiganja. Kadek aliona mapovu yakimtoka kwa fujo, akadhani hofu imemshika. Kumbe anacheka.

Waliporudi juu, Rening alikuwa amesimama ndani ya maji ya magoti akiusubiri mtungi. Miaka yote alisema kile ni chuma chakavu tu, wazungu hawana kazi. Akaupokea, akajitwika, lakini hakuondoka.

"Pale tulipokuwa tunajificha mimi na wewe," aliuliza kwa sauti ya chini, "bado papo?"

"Papo. Sasa anajificha samaki mmoja mnene kama wewe."

Rening alicheka, kisha machozi yakamtoka. Hakuweza kujifuta macho, mkono mmoja umeshika mtungi na mwingine umeinua kanga isilowe. Nengah akamfuta yeye, kwa kiganja kilichokunjamana kwa maji.

"Shoga, mwambie mwanao..."

"Nimeshamwambia. Kesho asubuhi, bwawani. Na usichelewe."