Mkasi wa Mama na Waya wa Baba Mdogo

Juzi ofisini fundi aliunganisha kompyuta mbili kwa waya wa buluu, nikakumbuka kofi la baba mdogo.

Tulikuwa tunaishi Kamunyonge. Mama alikuwa mwalimu, na kwenye kompyuta yetu kuukuu alikuwa ameandika hadithi zote za bibi yake. Baba mdogo alizitaka, mama akamkatalia. Mchana mmoja, mama alipokwenda mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa, kununua dagaa, baba mdogo alifika kutoka Bunda na kompyuta yake imefungwa kwenye blanketi lililonuka dizeli. Akaziunganisha mbili hizo kwa waya.

"Mama amekubali?" nikauliza.

"Mambo ya wakubwa hayaulizwagi."

Mashine zilivuma. Niliamini hadithi zinapita ndani ya waya kama maji kwenye mpira, na kwamba kompyuta yetu itabaki tupu. Nikachukua mkasi wa mama wa kushonea, nikaukata waya. Alinizaba kofi, akabeba mashine yake akaondoka. Sikulia.

Sasa najua alikuwa ananakili tu, na kwetu halikupotea hata neno. Lakini alichapisha kitabu kwa jina lake bila hata kukisoma. Hadithi ya mwisho inakatikia pale binti anapoingia ziwani kumfuata mamba, na wasomaji hawaachi kumwuliza kilichofuata.

Mwaka jana, msibani Butiama, alinisogelea.

"Mwanangu, ile hadithi iliishaje?"

Naijua yote kwa moyo. Nilimmiminia chai, nikasogea na birika kwa mgeni mwingine.