Kisima cha Olasiti na Barua ya Onyo

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu wa masjala alinipakatisha mafaili ya wagonjwa mpaka yakanifika kidevuni. "Binti, ukipoteza faili umempoteza mtu," akasema. Miaka ikapita, kompyuta zikaja, vijana wakadhani sisi wazee tutazikimbia. Thubutu! Nilijifunza mfumo nikawafundisha wao.

Faida yake ni hii: mapokezi mkijaza vizuri ugonjwa na makazi ya kila mgonjwa, daktari anabonyeza tu, anaona kuhara kumezuka mtaa gani. Mkijaza ovyo, anaona ovyo.

Kuhara kulipoanza mwaka ule, kompyuta ilionyesha wagonjwa wametapakaa vijiji vya mlimani. Timu ya afya ikapanda huko na dawa za kutibu maji, lakini wodi yetu ikazidi kujaa. Siku ya nne akaja Mama Neema, muuza ndizi, amembeba mtoto wake wa pili. Wa kwanza alikuwa bado kwenye dripu. Nikamuuliza, "Umeshuka naye kutoka mlimani hali hii?"

"Wala! Nimepanga hapa hapa mjini, Olasiti, mwaka wa sita huu."

"Mbona uliandikisha mlimani?"

"Si ndiko nyumbani, dada? Chumba cha kupanga nacho ni nyumbani?"

Jamani, nilitaka kulia. Sisi Wameru ukituuliza makazi tunataja kihamba cha baba, shamba la ukoo kule mlimani. Hata mimi fomu zangu zote za kazi nilijaza hivyo hivyo, na siku zote nne sikushtuka.

Nikaanza kumuuliza kila mgonjwa wa kuhara, "Jana maji ya kunywa ulichota wapi?" Foleni ikafika getini. Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, akaja amefura.

"Wewe ni karani au daktari? Jaza makazi, watu waende!"

"Sijazi uongo, Daktari. Niondoe kwanza kwenye kiti."

Hakuniondoa, aliniandikia barua ya onyo. Kufikia mchana karibu wote walikuwa wametaja kisima kimoja cha Olasiti. Nikampelekea Afisa Afya orodha mwenyewe, bila ruhusa ya mtu, na siku hiyo hiyo kisima kikafungwa. Wodi ikaanza kupungua. Neema alipona. Mdogo wake alizikwa Jumamosi.

Ninyi mnaokaa mapokezi leo, msiniambie foleni ni ndefu. Naijua. Ulizeni hivyo hivyo, na atakayefoka afoke.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Mganga Mfawidhi alihutubia, akausifu mfumo kwa kugundua kisima. Kisha akanivuta pembeni na ile barua, eti niisaini ili faili langu la utumishi likamilike.

"Ulishakwenda kumpa pole Mama Neema?" nikamuuliza.

"Bado," akasema, akinipa kalamu.

"Basi nenda kwanza," nikamwambia, nikamrudishia kalamu yake. Mpaka leo sijasaini.