Mara yangu ya kwanza kucheza poker kasino, kumbe mama mkwe mtarajiwa yuko meza hiyo hiyo

Wakuu, poleni na majukumu.

Ninayoandika hapa yamenitokea mwenyewe, sikusimuliwa na mtu na sijaongeza chumvi. Nimebadilisha majina tu, maana mhusika mkuu wa huu uzi ni mama anayeongoza kwaya kanisani, na mimi bado nakula ugali wake.

Mimi ni Mkongo, niko Kolwezi. Kazi yangu ni karani kwenye parking ya malori yanayobeba shaba, naandaa makaratasi ya safari. Kiswahili hiki mnachosoma nimekinyoosha kwa madereva wa Kitanzania, kwa hiyo nikikosea walaumuni wao.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, Béa, anasomea uuguzi. Tulikuwa tumebakiza wiki tatu kwenda kwao Fungurume kujitambulisha na kuzungumza mahari.

Baba yake alikuwa mtu wa reli kule Mutshatsha, alishafariki. Mama akahamia Fungurume na watoto wanne, akaanza kuuza unga na maharage kwa wachimbaji. Aliwasomesha wote kwa hilo duka.

Siku ya mahari wanaoongea ni wajomba. Lakini kila mtu alinionya kwamba neno la mwisho ni la mama. Na mama alipoulizwa kuhusu mimi, alijibu neno moja.

"Nitaona."

Wakuu, nililala na hilo "nitaona" kila siku. Nilimpenda Béa mpaka nikawa naogopa simu ikiita.

Ngoja niwaeleze kitu wale ambao hamna hii desturi. Kwetu, mama mkwe haangaliwi usoni. Humpi mkono, huli mbele yake, na mkiwa na neno linapita kwa mtu wa tatu. Siyo chuki, ni heshima, na ukiivunja umeutukana ukoo mzima. Nilishafika kwake mara moja. Aliniuliza habari za safari akiwa nyuma ya pazia, Béa akawa anapokea na kupeleka, na sote watatu tulikuwa sebule moja. Wakati naondoka nilimwona akisimama dirishani kunikagua, nikashusha macho.

Haya, turudi kwenye poker.

Kulikuwa na dereva mmoja wa Mbeya, nimwite Mwakalinga. Alikuwa amekwama parking siku ya sita anasubiri kibali cha mzigo. Mtu mzuri sana, ila akikaa bila kazi anasumbua kuliko mtoto aliyenyang'anywa simu. Jumamosi mchana akaniambia twende kasino, kuna meza ya poker ya watu wa hali ya chini.

Mimi poker nilikuwa naijua ya kwenye simu tu, ile ya hela za uongo. Kwenye simu nilikuwa milionea.

Akanituliza kwamba ni low limit. Dau ni dola mbili, raundi za mwisho dola nne, basi. Hakuna kusukuma kila kitu katikati kama kwenye sinema. Nikavaa shati langu la kanisani, sijui kwa nini, nikamfuata.

Kwa wasioujua mchezo: unapewa karata mbili za siri, halafu tano zinafunuliwa mezani kwa wote, kidogo kidogo. Kila hatua unafuata dau, unapandisha, au unatupa karata zako. Unaweza kushinda kwa karata nzuri, au kwa kuwatisha wenzako watupe za kwao. Huko kutisha ndiko wanaita bluff.

Tukanunua vile vibao vya plastiki vya kuchezea, sisi tunaviita jetoni. Mgawa karata alikuwa jamaa mpole anaitwa Yav. Nikavuta kiti, nikakaa, nikainua macho niwasalimie watu.

Mbele yangu kabisa, kitenge cha kijani, miwani ya kusomea puani, amekaa mama yake Béa.

Macho yangu yalishuka yenyewe.

Nikaanza kupiga hesabu kichwani. Nikiinuka kwenda, nimemwambia kwamba nimemkuta mahali pabaya. Nikimsalimia, nimemtangaza, maana pale hawakujua hata kama ana mabinti. Walimwita Mama Mutshatsha tu. Nikikaa, nimekaa meza moja na mama mkwe kabla hata sijapeleka mbuzi mmoja.

Nikiwa nusu nimekaa nusu nimeinuka, nikasikia sauti yake.

"Yav, ambia ule tata aikale muzuri. Kiti haiko na moto."

Tata kwetu ni kama kusema bwana, yaani mimi. Yav akamwangalia mama, akaniangalia mimi. Kati yetu palikuwa na upana wa meza tu.

"Tata, mama anasema uikale muzuri."

"Ambia mama aksanti," nikajibu.

"Mama, anasema aksanti."

Mwakalinga akaninong'oneza, "Nyie mmegombana saa ngapi, na karata hazijagawiwa?"

Nikakaa. Nusu saa nzima, kila mama akiweka dau mimi natupa. Nilitupa mpaka K mbili, wakuu, wanaocheza mnajua uchungu wake. Sasa utampandishiaje dau mama aliyemzaa Béa?

Mwakalinga yeye hakuwa na undugu na mtu. Alikuwa anamkazia mama macho usoni, eti poker inasomwa usoni. Mama anamtabasamia kama mteja wa maharage, na jetoni za Mwakalinga zinahama.

Mimi uso siuoni. Nilichokuwa nacho mbele yangu ni kitambaa cha meza na mikono yake miwili. Mikono mipana, kucha fupi, kidole kimoja kina alama ya kamba za magunia. Na pete ya ndoa, bado anaivaa.

Hapo ndipo nilipoona kitu. Mara nyingine akiweka dau, kidole gumba kinaizungusha ile pete. Mara nyingine hakiigusi.

Mwakalinga alimfuata mpaka mwisho mara mbili. Ya kwanza pete haikuguswa, na mama akafunua tatu za namna moja. Ya pili pete ilizunguka, na mama hakuwa na kitu, hata jozi. Mwakalinga akavuta jetoni akijisifu, hajui hata ameshindaje.

Nikakumbuka Béa aliwahi kunisimulia kwamba wazazi wake walikuwa wakicheza karata kwenye benchi la stesheni Mutshatsha, wakisubiri treni zinazochelewa. Baba ndiye aliyemfundisha mama, na hakuna aliyewahi kumshinda baba.

Basi nikaelewa kwa nini mjane anayeongoza kwaya anapanda gari kutoka Fungurume mpaka Kolwezi kuja kukaa hapa Jumamosi mchana. Sikumwuliza mpaka leo, lakini nadhani nilielewa. Nikajikuta nampenda yule mama, wakati hata sijui kama atanikubali.

Ilipokaribia saa kumi na moja, tukabaki wawili kwenye mkono mmoja, mimi na yeye. Nina tisa mbili. Mezani kuna karata kubwa za kutisha, na karata ya mwisho imeshafunuliwa. Mama akasukuma dola nne.

Pete ikazunguka.

Nikashika karata zangu nizitupe kama kawaida. Mkono ukakataa. Niliona kumtupia tena ni kumfanya kama mtoto anayeachiwa ashinde, na mama yule hakuwa mtu wa kuachiwa.

"Nafuata," nikasema.

Akafunua. Hakuwa na kitu. Tisa zangu mbili zilitosha.

Nikaona mikono yake inakusanya jetoni zilizobaki taratibu.

"Yav, ambia ule tata ameona muzuri. Mi naenda ku kwaya." Kisha akaongeza, "Na umuambie, leo hatukuonana."

Akaondoka. Mwakalinga akanipongeza mpaka parking. Mimi nilikuwa nawaza moja tu. Nimembishia mama mkwe mbele ya watu, kwa dola nne, na ndoa yangu iko mkononi mwake.

Wiki tatu hizo sikumwambia Béa kitu. Kila akisema "mama amepiga simu" nilikuwa natoka jasho.

Siku ikafika. Tukaenda Fungurume, baba yangu mdogo, Tata Ilunga, akiwa msemaji wetu. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma yake kimya na kuangalia chini, kazi ambayo nilishaizoea. Mama alikaa kwenye mkeka pembeni. Niliona mikono yake juu ya kitenge, ile ile.

Kaka yake mama, mjomba wa Béa, akasimama. "Dada anaomba mbuzi kumi. Juu ya mugongo yenye ilimubeba mutoto."

Mbuzi kumi kwa karani wa parking. Nikaangalia mkeka.

Kidole gumba kinazungusha pete.

Kaka akaendelea. "Na anasema, mutoto amalize masomo, na akimaliza atumike kazi yake. Mutu asimukataze."

Mikono ikatulia kabisa, mmoja juu ya mwingine.

Tata Ilunga ni mtu wa zamani. Alishajikohoza kujibu, nikamsikia anaanza, "Mbuzi tutaitika, tutalipa polepole. Ile ya masomo, tutaona mbele..."

Nikamvuta koti. "Tata, geuza. Ya masomo uitike leo. Mbuzi, bishana."

"Umelewa?"

"Tata, nakuomba."

Alinitazama, sijui aliona nini usoni mwangu, akageuza. Aliitikia masomo mbele ya watu wote kwa kiapo. Kisha akawabishia mbuzi kwa raha zake zote, maana kubishana anajua. Tukaishia mbuzi watatu.

Nikasikia mtu anacheka chini chini kwenye mkeka. Mama alikuwa amejifunika mdomo na kitenge.

"Ambia bageni," akamwambia kaka yake, "chakula iko tayari."

Béa alilia, mimi nililia, Tata Ilunga alisema ni pilipili.

Sasa tumeoana, Béa amemaliza na anafanya kazi zahanati. Mama anakuja kwetu, anaongea na mimi kupitia Béa hata kama tuko wawili tu sebuleni na Béa yuko jikoni. Anapaza sauti tu.

Mwezi uliopita Béa akakata simu ya mama akaniambia, "Mama anasema nikupashe habari hii. Ile pete inamubana tangu papa alikufa, kuizungusha inamuuma, haizungushi bure. Anasema wewe utajua. Pete gani?"

Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Mwakalinga alikuwa anaangalia uso. Pale mezani mtu mmoja tu alikuwa anaangalia mikono ya mama, na mama alijua fika kwa nini. Tangu aliposema kiti hakina moto, alikuwa anaongea na mimi kwa njia pekee ambayo heshima ilituachia. Alisema ataona, na kweli aliona.

Nilichojifunza, wakuu: kasino nimerudi mara mbili tu, na mara zote mbili nimepoteza, poker siyo kazi yangu. Lakini heshima mliyofundishwa nyumbani msiione ni kamba ya kuwafunga. Mimi iliniwekea macho mahali sahihi.

Karibuni mtoe maoni. Na nyie wazoefu wa meza mnisaidie hili moja: ule mkono wa tisa mbili, nani alishinda?