Punda Aliyefika Kabla ya Kuitwa

Barua ya mwaliko ilisema tulete vifaa vyetu. Mimi nikaleta rula, kompasi na penseli mbili zilizochongwa vizuri, maana nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzi tu na vifaa nilivyokuwa navyo ni hivyo. Nikavaa na sare ya shule. Nilidhani hakathoni ni mtihani wa kompyuta wa siku mbili. Hakuna aliyeniambia kwamba ni ukumbi uliojaa vijana waliovaa fulana kubwa kuliko miili yao, wanagombania soketi tatu, kila timu ikibuni programu ya kuwaondolea watu shida fulani, na kwamba siku ya pili, saa sita mchana, mnasimama mbele ya majaji kuonyesha mlichotengeneza.

Tena sikwenda peke yangu. Nilitoka kisiwani Pate kwenda Amu, ndiyo Lamu, na bibi yangu, mzaa baba. Nilikuwa nataka kwenda chuo Mombasa kusomea kompyuta, nikitaka kwa roho yangu yote, na baba alikuwa hajakata shauri. Akamwambia bibi mbele yangu: "Mama, enda naye Amu ukamtizame. Ikiwa ni masomo, tamuandikisha. Ikiwa ni mtezo, atakaa papa hapa anisaidie shamba." Kwa hivyo wenzangu walikuwa na majaji watatu. Mimi nilikuwa na wanne, na huyo wa nne alikuja na mkeka, chupa ya chai na kikapu cha mahamri.

Bibi hakutaka kukaa ukumbini. Alisema mafeni yatamtia mafua. Akaketi dakani, kwenye baraza ya mawe ya mlangoni, na kila aliyetoka kupunga upepo akahojiwa. "Watengeza nini wewe? Cha kazi gani? Mamako ajua uko hapa?" Kufikia adhuhuri ya siku ya kwanza alizijua kazi za timu zote kuliko walioandaa shughuli.

"Timu tatu zina punda," akaniambia. "Na nyinyi?"

"Na sisi pia, bibi."

"Basi ni nne." Akamega hamri.

Wetu alikuwa punda wa mizigo. Mtu ameshusha saruji gatini, anabonyeza kitufe kwenye simu yake, na simu ya mwenye punda aliye karibu inalia. Tulikuwa watu watatu. Mimi niliandika programu. Msichana mmoja wa Amu alikuwa mchoraji, na siku nzima ya kwanza aliimaliza kwenye masikio ya punda. Kila nikigeuka ananiuliza, "Haya, au yale marefu?" Wallahi nilitamani kumchoma na ile kompasi. Wa tatu alikuwa kijana wa chuo kutoka Nairobi, ambaye kazi yake siijui mpaka leo, ila alikuwa na stika nyingi sana kwenye kompyuta yake na alisema "poa" kwa kila jambo.

Basi nikwambie wewe unayekwenda mara ya kwanza: kitu chako hakitafanya kazi. Kichwani kitafanya, mkononi kitagoma, na hujui kwa nini. Siku ya pili, saa tatu asubuhi, nilibonyeza kitufe mara arubaini na simu haikulia hata kwa bahati mbaya. Nikaanza kulia mimi.

"Tulia, msee," akasema yule wa Nairobi. "Hii tunaipanga tu. Kila mtu hufanya hivyo."

Na mpango ulikuwa huu. Mchoraji wetu alikuwa na mjomba mwenye punda. Mjomba angesubiri kwenye uchochoro wa nyuma. Mimi ningebonyeza kitufe mbele ya majaji, wa Nairobi angempigia mjomba kwa simu iliyo mfukoni mwake, na dakika moja baadaye punda angetokea mlangoni, majaji wapige makofi. Nilijua ni uongo. Nilikubali, kwa sababu niliuona mlango wa chuo ukifungwa.

Ila mjomba ni mtu wa Amu. Ukimwambia saa sita, na njiani kuna mtu mzima aliyeketi na chupa ya chai, atampita vipi? Alikuja saa nne, akamsalimu bibi, na baada ya salamu wakagundua kwamba mamake mjomba alikuwa na ndugu Pate. Hapo shughuli ya uchochoroni ikasahaulika. Sisi tulikuwa ndani, hatuna habari.

Zamu yetu ikafika. Nikaeleza, kisha nikabonyeza. Wa Nairobi akatia mkono mfukoni.

Simu ya mjomba ikalia qasida, kwa nguvu zote, hapo hapo mlangoni. Ikalia weee. Tukamsikia bibi akisema, "Wata simu ilie, bwana. Maliza chai kwanza, watoto wangali wasema."

Jaji mkuu, mama mmoja mwenye miwani, akainuka akafungua mlango. Mjomba alikuwa na kikombe mkononi. Punda alikuwa ametia kichwa chote ndani ya kikapu.

"Shikamoo bibi," akasema jaji. "Punda huyu amefika sasa hivi?"

"Sasa hivi?" Bibi alishangaa kweli. "Mekuya tangu saa nne. Ashakula mahamri sita."

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Jaji hakucheka. Alirudi kwenye kiti chake, akamwambia wa Nairobi aweke mikono juu ya meza, akaniambia mimi nibonyeze tena. Nikabonyeza. Kimya.

"Haifanyi kazi?"

"Haifanyi," nikasema. "Tulidanganya."

Bibi alikuwa amesimama kizingitini, akisikia. Uso ulinishuka, na sikuona haya kwa majaji, niliona haya kwake. Hajawahi kunifundisha uongo.

Tukawa wa mwisho. Wenzangu walikwenda kupiga picha na washindi. Mimi sikuwa na uso wa kutoka nje, nikabaki na kompyuta. Yule jaji akaja akavuta kiti na kusema, "Haya, tuone palipovunjika." Tulitafuta mpaka alasiri. Kumbe nilizihifadhi nambari za simu kama hesabu, na kompyuta ikaona sifuri ya mwanzo haina maana, ikaitupa. Siku mbili tulikuwa tunapigia nambari ambazo hakuna mtu aliye nazo! Nikairudisha sifuri huku nacheka peke yangu. Likatokea kosa jingine.

Bibi aliingia mara tatu, bila kujali mafeni. "Tayari?"

"Bado, bibi. Kidogo."

Akaketi nyuma yangu akinitizama. Asubuhi yake tukapanda boti kurudi Pate. Saa nzima nilikuwa natazama kisogo cha nahodha, nikijiona shambani na jembe.

Tulipofika, baba hata hakuningoja nivue viatu. Alimuuliza mamake. "Haya. Ni masomo au ni mtezo?"

Bibi hakunifichia. Alimwambia uongo wetu, punda na mahamri, jinsi nilivyokamatwa mbele za watu. Akamwambia pia kwamba nilisema kweli kwa kinywa changu, na kwamba wenzangu walipokwenda kucheka mimi niliketi kutafuta sifuri moja mpaka alasiri.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa kitu chenyewe chafanya kazi?"

"Hakifanyi," akasema bibi. "Kingalifanya, angalikwenda Mombasa kusoma nini?"